Mlishe Chuma: Mwongozo kwa Nyumba Isiyopika Nyama

Anza kwa kumjua vizuri mtu unayemlisha. Ana miezi saba, ana meno mawili ya chini, na kazi yake kubwa ya asubuhi ni kutafuna kidole gumba cha mguu wake mwenyewe. Mtu huyu anahitaji madini ya chuma kuliko baba yake. Wataalamu wa lishe wa Marekani wamempangia miligramu 11 kwa siku, kuanzia mwezi wa saba hadi atimize mwaka. Baba yake, mwenye kilo themanini na sauti ya kuamuru, amepangiwa 8. Kwa hiyo ule utaratibu wa kumpakulia baba maharage yote mazito ya chini ya sufuria, kisha mtoto akaambulia mchuzi, ugeuzwe leo hii. Baba apewe mchuzi. Hatakufa.

Sababu ya hesabu hii haihitaji darubini. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na kwa uzito mzuri huja na akiba ya chuma aliyoichukua kwa mama yake, na akiba hiyo humfikisha karibu miezi sita. Maziwa ya mama yana chuma kinachofyonzwa vizuri sana, ila ni kidogo. Wakati huohuo mtoto anakimbilia kufikisha uzito mara tatu ya ule aliozaliwa nao, tena kabla mwaka haujaisha. Damu mpya yote hiyo inataka chuma, na ubongo unaojengwa kwa kasi ileile nao unadai fungu lake. Watoto njiti na waliozaliwa na uzito mdogo akiba yao huisha mapema zaidi, na habari ya chuma chao iulizwe kliniki bila kungoja miezi sita. Na wewe unayesoma ukiwa bado na mimba, mwambie mkunga mapema asikimbilie kubana kitovu, asubiri dakika moja hadi tatu kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Damu inayoendelea kuingia kwa mtoto katika dakika hizo ni akiba ya miezi, na haiuzwi dukani.

Nyumba zisizopika nyama ni nyingi kuliko majirani wanavyodhani. Wako Wasabato wengi walioiacha, wakiwemo wa Upare, ambako wamisionari wao walifika Giti mwaka 1903. Wako Wahindu na Wajaini wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ambao familia zao hazijaigusa kwa vizazi. Wako Marasta, na wako vijana walioamua tu wenyewe. Wote hawa wanaweza kulea mtoto mwenye damu ya kutosha bila kuvunja imani wala uamuzi wao. Wasichoweza ni kufanya hivyo kwa kubahatisha.

Ndugu wakifika

Watafika. Habari kwamba mtoto hali nyama husafiri haraka kuliko habari ya msiba. Mama mkwe ataingia, atapokea shikamoo, atamnyanyua mjukuu hadi usawa wa dirisha, atamgeuza huku na huku kwenye mwanga, kisha atatoa hukumu: “Mbona mweupe hivi? Mpeni hata supu ya kongoro, jamani.” Shangazi yeye hatasema kitu. Ataomba tu akusaidie kupika uji, na usipokuwa macho utaukuta uji una harufu ya dagaa.

Usigombane nao. Wanampenda mtoto, na hofu yao ina msingi kwa sababu damu ya watoto wetu kweli ni chache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Hapo ndipo pa kumkalisha mama mkwe kitako kwa adabu. Watoto hao, zaidi ya nusu ya wote, si wa Wasabato na Wajaini peke yao. Wengi wao wamezaliwa katika nyumba ambazo nyama ikipatikana inapikwa kwa shangwe, na bado damu yao imepungua. Nyama ina chuma kinachofyonzwa vizuri, hilo halina ubishi. Lakini nyama ambayo mtoto hapewi kwa kuwa hana meno, au anayopewa kwa njia ya mchuzi, haimwongezei kitu. Supu ya mifupa inayosifiwa mitaa yote ni maji matamu yenye mafuta na chumvi; chuma chake ni haba.

Ukishasema hayo, mpe mama mkwe kazi. “Mama, nichambulie hizi adesi, halafu mjukuu wako utamlisha wewe mwenyewe.” Bibi aliyechambua adesi kwa mkono wake na kuona sahani imerudi tupu hatafuti tena kongoro. Shangazi apewe kusaga ufuta, mbali na jiko la uji.

Rangi nyekundu si damu

Kuna elimu iliyoenea kuanzia stendi ya basi hadi wodi ya wazazi: kitu chekundu huongeza damu. Kwa elimu hiyo mtoto hunyweshwa juisi ya bitiruti, juisi ya rozela, na ajabu kuliko zote, soda nyekundu iliyochanganywa na maziwa. Elimu hii ingekuwa ya kweli, nyanya ingekuwa maini.

Bitiruti ni chakula kizuri na mtoto anaweza kula, lakini gramu 100 zake zina chuma kisichofika miligramu moja. Rozela ina viini vikali vinavyokwamisha chuma tumboni, ndugu wa vile vilivyomo kwenye chai. Soda ina sukari na rangi, na mtoto aliyeshiba sukari hataki maharage. Mwenye kuuza rangi nyekundu kwa mama mwenye mtoto mgonjwa anastahili kuulizwa hadharani chuma kiko wapi.

Chuma chenyewe kimekaa kwenye vitu visivyo na urembo. Adesi za kahawia: nusu kikombe zikishaiva kina miligramu 3 na ushei. Maharage na kunde: nusu kikombe kina takriban 2. Soya huzidi zote hizo. Ufuta, ule mdogo unaodharauliwa kwa kuwa unauzwa kwa kipimo cha kijiko, una zaidi ya miligramu moja katika kijiko kimoja cha mezani. Usage, kwa sababu ukiingia mzima unatoka mzima, na uanze na kiasi kidogo sana ili uone kama mwili wa mtoto unaukubali. Mbegu za maboga nazo zisagwe. Karanga na mbegu nzima zisiingie kinywani mwa mtoto mdogo hata kidogo, maana hukaba. Wakenya wana maharage yanayoitwa Nyota, ambayo watafiti wa KALRO, taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mifugo, waliyatoa yakiwa na chuma na zinki nyingi kuliko ya kawaida, na Rwanda wakulima wamepanda maharage ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Ukiyapata sokoni, nunua.

Mchicha je? Mchicha, matembele, majani ya kunde na mnafu vyote vina chuma na vyote viwemo kwenye sahani, vikatwe vidogo na kupikwa kwa maji kidogo yasiyomwagwa. Ila usimpe mtoto bakuli la mchicha mtupu ukadhani umemaliza. Chuma cha majani hufyonzwa kwa shida, na tumbo la mtoto ni dogo: mwenye kilo nane hubeba takriban mililita 240 kwa mlo, kikombe kimoja tu. Akijaa majani, maharage hayana pa kuingia.

Birika litolewe mezani

Hapa sitapunguza ukali. Adui mkubwa wa damu ya mtoto katika nyumba zetu si kukosa nyama. Ni kikombe cha chai.

Tazama meza ya saa moja asubuhi, ya tajiri au ya maskini. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu amekaa kwenye stuli, mbele yake kikombe cha plastiki cha chai ya maziwa iliyopozwa kwa kumiminwa huku na huku, na kipande cha mkate. Anachovya, ananyonya, anachovya tena, mkate unakatikia ndani, mama anauopoa kwa kijiko. Kila mtu anaona raha. Tanini za chai hiyo zinashikamana na chuma cha chakula tumboni na kukizuia kuingia mwilini. Chai ikinywewa pamoja na mlo wa nafaka au mikunde huweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekipata. Maziwa yaliyomo hayaokoi kitu, maana kalsiamu nayo hukipunguza chuma. Jioni chai inarudi, safari hii pamoja na maharage yaliyochemka kwa muda wa saa tatu kwa mkaa wa kununua. Yaani unanunua maharage, unanunua mkaa, kisha unanunua majani ya kuyabatilisha yote.

Basi agizo ni hili: mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe chai. Si ya rangi, si ya maziwa, si ya tangawizi, si “kidogo tu ya kuonja”. Baba naye asimnyweshe kwenye kisahani chake kwa ajili ya kupendwa. Kinywaji cha mtoto ni maziwa ya mama na maji safi. Kwa wakubwa ndani ya nyumba, hasa mama anayenyonyesha, chai isogezwe walau saa moja mbali na mlo. Najua ninachogusa. Nyumba ambayo haijawahi kumnyima mgeni chai itaona kumnyima mtoto ni ukatili. Mnyimeni. Atalia siku chache, kisha atasahau.

Maziwa ya ng’ombe yana makosa yake pia, na nyumba isiyopika nyama huyapenda kupita kiasi ili kufidia. Kabla ya mwaka mmoja yasiwe kinywaji cha mtoto. Baada ya mwaka, nusu lita kwa siku inamtosha kabisa. Mtoto anayezunguka na chupa ya maziwa kutwa hujaa, hakai mezani, na maziwa yenyewe karibu hayana chuma. Huyu ndiye mtoto mnene mwenye mashavu ambaye vipimo vyake vya damu humshangaza kila mtu.

Mseto wa mwenye meno mawili

Chuma cha mimea ni abiria asiye na nauli: vitamini C ikiwa kwenye sahani ileile humlipia akapanda, chai humshusha kabla gari halijaondoka. Ukiishika hiyo, nusu ya kazi umemaliza. Kiasi cha chuma kinachoingia mwilini kutoka kwenye maharage kinaweza kuongezeka mara mbili hadi tatu kwa sababu ya tunda lililoliwa katika mlo huohuo. Si tunda la saa kumi, wakati maharage ni ya saa saba. Mlo huohuo.

Pwani tayari tuna chakula kinachotimiza haya: mseto. Wahindu wanaujua kwa jina lao, Waswahili tunaujua kwa letu, na mtoto anaujua kwa kijiko. Loweka choroko na adesi tangu usiku, maji ya kulowekea uyamwage, maana yamebeba sehemu ya faiteti, kile kiini cha nafaka na mikunde kinachokamata chuma na kukizuia kufyonzwa. Weka kiganja kimoja cha mchele kwa viganja viwili vya choroko na adesi. Watu wengi hupika kinyume chake, mchele kilima na choroko za kuhesabu, geuza. Chemsha hadi punje zivunjike kwa ukingo wa mwiko. Katia nyanya, kitunguu kidogo na mchicha uliokatwa mwembamba, acha dakika tano. Epua. Ponda kwa mwiko, usisage kwa blenda hadi ikawa maji, kwa sababu mtoto wa miezi minane anahitaji kujifunza chembechembe. Koroga kijiko cha ufuta uliosagwa na tone la mafuta. Mwisho, chakula kikiwa kimeshapoa cha kulika, kamulia ndimu.

Ndimu mwisho, narudia. Vitamini C huharibika kwa moto, na ndimu iliyochemshwa dakika ishirini inabaki na uchachu wake tu. Kama mtoto anakunja uso kwa ndimu, mpe tunda pembeni: embe, papai, chungwa lililotolewa ngozi na kokwa. Bora kuliko chungwa ni pera, ambalo lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa, linaota uani bila mbolea na watoto wanalirushia mawe. Toa mbegu, ponda nyama yake. Unga mweupe wa ubuyu nao ni hazina: kijiko kimoja kilichokorogwa kwenye uji uliopoa. Nasema unga mweupe, siyo ule ubuyu wa kupakwa rangi na sukari unaouzwa kwenye vifuko vya shule.

Ukiweza, pika katika chungu cha chuma badala ya sufuria ya alumini. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulikuta watoto waliopikiwa kwa vyungu vya chuma damu yao iliongezeka kuliko ya waliopikiwa kwa alumini. Nyanya na ndimu husaidia chuma cha chungu kuingia kwenye chakula. Lile karai zito la kukaangia maandazi, ambalo mama alikurithisha nawe ukaliweka stoo kwa kuwa halipendezi kabatini, lilete jikoni.

Uji na makabila yake

Siku hizi uji wa mtoto hauuzwi ukiwa na nafaka moja. Kuna nafaka tano, nafaka saba, nafaka kumi na mbili, na muuzaji anazitaja bila kupumua: mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano, mchele, shayiri… Mama anatoka na mfuko wa kilo mbili akiamini kila jina lililoongezwa limeongeza damu. Nafaka nyingi ni nafaka tu. Zote zina wanga, zote zina faiteti, na zikiwa kumi na mbili ni vigumu hata kujua ipi ilikuwa na ukungu. Hilo la ukungu si dogo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga nazo huibeba. Chagua nafaka moja au mbili ulizoziona kwa macho yako, ongeza soya iliyolowekwa na kukaangwa au kunde, na ulipe hela iliyobaki kwenye pera.

Mimi ningechagua ulezi, tena ningeuotesha. Bibi zetu waliuita kimea na walikijua kwa pombe. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ikakifundisha kwa uji wa watoto. Ulezi unachambuliwa na kuoshwa, unalowekwa usiku mmoja, unachujwa, unatandazwa juu ya kitambaa safi chenye unyevu na kufunikwa. Siku ya pili au ya tatu utaona vijimkia vyeupe, vyembamba kama uzi. Anika juani hadi ukauke kabisa, fikicha kati ya viganja hadi vijimkia vidondoke, pepeta, saga. Mtama usiuoteshe kwa ajili ya mtoto, maana machipukizi yake yana sumu.

Sasa pika uji wa kawaida, mzito wa kusimamisha mwiko. Tia kijiko cha unga wa kimea ukiwa bado wa moto lakini si wa kutokota, koroga, na uutazame. Ndani ya dakika chache uji uliokuwa unang’ang’ania mwiko unaanza kuteleza bila kuongezwa tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena, kwa usalama. Umepata uji mwepesi wenye unga mwingi, na kuotesha kumepunguza faiteti. Togwa, kwa wanaoijua, hufanya kazi jirani na hiyo kwa kuchachuka.

Uji mwembamba wa maji ni udanganyifu dhidi ya mtu asiyeweza kusema. Uji sahihi hukaa kwenye kijiko ukikiinamisha kidogo. Ule unaopita kwenye tundu la chupa umwagie mchicha bustanini.

Na unga wa mahindi na ngano wa viwandani: tangu 2011 Tanzania ina kanuni za kuuongezea virutubishi, chuma kikiwemo. Tafuta alama kwenye mfuko. Unga wa mashine ya mtaani, mtamu kweli, mara nyingi haujaongezewa kitu. Vipo pia vipakiti vya unga wa virutubishi kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, ulizia kliniki. Kimoja hunyunyizwa kwenye chakula kilichokwisha kupoa, na chakula hicho hakirudishwi motoni.

Nayasisitiza haya kwa sababu moja. Miligramu 11 ni nyingi. Jumlisha mseto wa mchana, uji wa asubuhi wenye ufuta na maharage ya jioni kwa tumbo la mililita 240, utaona kwamba chakula cha nyumbani peke yake hakifiki kirahisi, hata kikipikwa na mtu mwenye bidii kuliko wote. Kwa mla nyama pia hakifiki kirahisi. Chakula kilichoongezewa virutubishi, au dawa ya chuma iliyoandikwa na daktari, si aibu kwa Msabato wala si ushindi kwa shangazi.

Kwa wanaokula mayai, yai ni zuri, ila kwa chuma usilitegemee. Kwa wasiogusa yai wala maziwa, mtoto lazima apate vitamini B12 ya nyongeza, na mama anayenyonyesha pia. Hapo hakuna mboga ya kuchukua nafasi yake.

Akitema

Atatema. Atatema adesi kwenye shati lako la kanisani, atapaka mseto kichwani, atamlisha paka. Usimbane pua na kummiminia. Mweke mezani na wengine, mpe tena kesho, na keshokutwa, kiasi kidogo. Watoto wengi hukubali chakula baada ya kukikataa mara nyingi, na wanaokubali haraka zaidi ni wanaowaona wakubwa wakila kitu hichohicho. Baba anayesema “mimi maharage yamenichosha” mbele ya mtoto aende akale nje.

Kliniki

Mtazame kiganja. Kifungue mchana, kiweke kando ya cha kwako. Kama kimepauka, kama ndani ya kope za chini kumekuwa kweupe, kama mtoto amechoka, hataki kula, hapendi tena kucheza, au amekutwa akilamba ukuta na kula udongo, mpeleke apimwe wekundu wa damu. Udongo hasa usichekwe. Mtoto anayeutafuta kila siku anaweza kuwa anakuonyesha kwamba chuma kimekwisha.

Wampime na malaria na minyoo. Safura hunyonya damu utumboni na huingia kwa ngozi ya mguu ulio peku, kwa hiyo viatu vidogo vya plastiki vinavyouzwa mnadani ni sehemu ya mwongozo huu kama ilivyo adesi. Dawa ya minyoo hutolewa kuanzia mwaka mmoja kwenye kampeni za afya ya mtoto. Malaria huvunja chembe za damu zenyewe, na hakuna maharage yatakayoziba pengo hilo kama mtoto analala nje ya chandarua.

Usinunue dawa ya maji ya kuongeza damu kwa ushauri wa jirani. Sababu yake ilipatikana kwetu, Pemba. Watafiti waliwapa maelfu ya watoto wadogo wa kisiwa hicho chuma na asidi ya foliki kila siku, katika mahali palipokuwa na malaria nyingi wakati huo, na ikabidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe mwaka 2003 kwa kuwa waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi. Matokeo yalichapishwa 2006 na yakabadilisha maelekezo ya dunia nzima: penye malaria, dawa ya chuma iende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Chuma cha adesi na mchicha hakina hatari hiyo, kwani huingia kidogokidogo pamoja na chakula. Dawa ni kipimo kikubwa kwa mara moja, na kipimo hicho apange mtu aliyempima mtoto.

Akipangiwa, mpe jinsi ilivyoandikwa. Asipewe pamoja na maziwa. Mmiminie nyuma ya ulimi kwa bomba la dawa, kwa sababu huacha madoa kwenye meno, kisha mfute kinywa. Chupa ikae juu ya kabati, pamoja na vidonge vya damu alivyopewa mama wakati wa ujauzito: vinafanana na pipi, na mtoto akivimeza vingi vinaweza kumuua. Usiache dawa siku anapoanza kuchangamka, maana damu hurudi kwanza na akiba hufuata baadaye. Kwa kawaida huendelea miezi kadhaa, hadi daktari aseme basi.

Na mwambie mama mkwe mapema, kabla hajafungua nepi mwenyewe, kwamba choo cha mtoto kitakuwa cheusi. Ni chuma kilichobaki bila kufyonzwa. Kikiwa kinanata kama lami, kikiwa na damu, au mtoto akiwa na homa, mrudisheni kliniki siku hiyohiyo. Vinginevyo mfungeni nepi nyingine mwendelee na mseto.